Kim anapata nini kwa kupeleka askari wake katika vita vya Urusi?

*"Shikamoo mwalimu. Hapa kijiweni kwetu Arusha tumebishana sana kuhusu askari wa Korea Kaskazini waliopelekwa kupigana upande wa Urusi. Mmoja anasema Kim Jong Un analipwa dola kwa kila kichwa, basi. Mwingine anasema kuna mkataba, hana hiari. Mimi sielewi kabisa. Nchi iliyobanwa na vikwazo kila upande, ambayo wananchi wake wengi hawashibi, inafaidikaje kwa kupeleka vijana wakafe katika vita isiyoihusu? Na je, nchi nyingine ndogo zilizotengwa zinaweza kuiga? Mwisho, nina jambo la nyumbani. Mdogo wangu amepata wakala mtandaoni anayemwambia kuna kazi ya ulinzi Urusi, tiketi na viza bure. Ana miaka 23 na hana kazi. Nifanyeje?"*

Marahaba. Nianze na la mdogo wako, maana ndilo lenye haraka.

Asisafiri. Kazi ya ulinzi, tiketi ya bure, viza ya bure, halafu mkataba ulioandikwa Kirusi: vijana wa Afrika Mashariki wameshapita njia hiyo na kujikuta kambini. Novemba 2025 serikali ya Kenya ilisema inaamini Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi, na kwamba mitandao ya kuwaandikisha bado ipo kazini. Nasi Watanzania, Januari 2023 tulipokea mwili wa mwanafunzi aliyekuwa gerezani Urusi, akaahidiwa kusamehewa kifungo iwapo atapigana chini ya Wagner, kundi la mamluki wa Kirusi. Aliuawa Ukraine Oktoba 2022.

Jambo hili usilimalize kwa simu. Kaa na mdogo wako ana kwa ana, muone wote ujumbe alioandikiana na huyo wakala, na mhifadhi nakala. Nendeni pamoja TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, muulize kama mtu huyo amesajiliwa kupeleka watu nje. Kama ameshatoa pasipoti au fedha, nendeni polisi, kwa sababu hapo mnazungumzia biashara haramu ya binadamu. Karatasi yoyote ya Kirusi isitiwe sahihi kabla haijasomwa na mtu anayekijua Kirusi na asiyelipwa na wakala huyo. Na kama itatokea ameshaondoka, toeni taarifa Wizara ya Mambo ya Nje na kwa ubalozi wetu Moscow siku hiyohiyo. Akishavaa sare, kumtoa ni kazi ngumu kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa. Unachouliza, kama nimekuelewa, ni kwa nini nchi maskini itoe kitu cha thamani kuliko vyote ilivyonavyo, yaani uhai wa watu wake, kwa ajili ya ugomvi wa mwingine. Wenzako wa kijiweni kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Huyu wa dola kwa kichwa hajakosea kwamba malipo yapo. Idara ya ujasusi ya Korea Kusini ilikadiria mwaka 2024 kuwa kila askari analipiwa takriban dola 2,000 kwa mwezi. Tukubali kadirio hilo, tuchukue askari 10,000: kwa mwaka ni dola milioni 240. Si haba kwa nchi iliyobanwa kiasi kile, na kwa utaratibu unaojulikana wa wafanyakazi wake wa nje, sehemu kubwa ya fedha huchukuliwa na serikali. Lakini Korea Kaskazini ilikuwa tayari inaiuzia Urusi risasi za mizinga na makombora kwa wingi kabla askari hata mmoja hajapanda meli. Kikundi cha nchi 11 kinachofuatilia vikwazo kilikadiria kuwa katika mwaka 2024 peke yake zilipelekwa risasi za mizinga na roketi zinazofikia milioni 9, pamoja na makombora ya balistiki yasiyopungua 100. Kama shida ya Kim ilikuwa fedha, ghala zake zilikuwa zinamletea fedha bila jeneza hata moja.

Huyu wa mkataba naye ana hoja. Tarehe 19 Juni 2024 Vladimir Putin alikwenda Pyongyang, wakatia sahihi mkataba ambao kifungu chake cha 4 kinasema mmoja akishambuliwa na kuingia vitani, mwenzake atamsaidia kwa njia zote alizonazo, ikiwamo ya kijeshi. Wiki saba baadaye, tarehe 6 Agosti, jeshi la Ukraine likaingia mkoa wa Kursk, ambao ni ardhi ya Urusi. Hapo ndipo kifungu kile kikapata pa kusimamia, na ndiyo sababu askari wa Kim walipelekwa Kursk. Ila angalia tarehe. Askari walianza kusafirishwa Oktoba 2024, wakati mkataba ulianza kutumika rasmi tarehe 4 Desemba. Isitoshe, kwa nusu mwaka nchi zote mbili hazikukiri kuwa wapo. Urusi ilikiri tarehe 26 Aprili 2025, Korea Kaskazini siku mbili baadaye. Anayetimiza wajibu wa mkataba hana sababu ya kujificha hivyo. Mkataba uliwapa kinga ya kisheria ya kusema baadaye, lakini uamuzi wenyewe ulikuwa wa hiari, na Kim aliufanya kwa hesabu zake.

Hesabu hizo hazieleweki mpaka ujue vikwazo vilimfanyia nini. Hadi 2016 nchi yake ilikuwa na vitu vya kuuza: makaa ya mawe, chuma, samaki, nguo zilizoshonwa viwandani, na nguvu kazi iliyopelekwa Urusi, China na Ghuba. Mwaka 2017, baada ya majaribio ya nyuklia na makombora ya masafa marefu, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilifunga karibu vyote hivyo. Wafanyakazi wa nje waliamriwa warudishwe kwao ifikapo Desemba 2019. Mafuta yaliyosafishwa yakawekewa ukomo wa mapipa 500,000 kwa mwaka, kiasi kidogo mno kwa nchi yenye watu takriban milioni 26. Hata soko lake la Afrika lilikauka. Uganda, ambayo polisi wake walikuwa wakifundishwa na Wakorea hao, ilitangaza mwaka 2016 kusitisha ushirikiano huo, na mwishoni mwa 2023 Pyongyang ikafunga balozi zake za Kampala na Luanda. Wazee wa Morogoro wanaokumbuka wataalamu wa Kikorea wa mpunga pale Dakawa wanaijua nchi iliyokuwa na marafiki wengi zaidi kuliko leo.

Nchi ikifungiwa milango kiasi hicho, inabaki na vitu viwili ambavyo mtu mwenye shida kubwa atavitaka bila kujali sheria: silaha na watu. Na Urusi ilikuwa na shida kubwa. Ilipowaita watu 300,000 kwa lazima Septemba 2022, maelfu kwa maelfu walikimbilia nje ya nchi, na serikali haijataka kurudia zoezi hilo. Mtu wa kumpa Putin askari walio tayari, bila kugusa familia za Moscow, alikuwa mmoja tu duniani.

Lakini kwa nini watu, wakati risasi zinalipa? Jibu langu ni hili. Ukinunua sukari dukani ukalipa, wewe na mwenye duka mmemalizana. Jirani aliyekuja kuchimba kaburi msibani kwako hamjamalizana. Biashara ya silaha ina bei, na ikishalipwa deni limefungwa. Damu haina bei iliyoandikwa mahali. Anayeipokea hubaki akidaiwa, na anayeidai anaweza kuomba vitu ambavyo havipatikani kwa fedha.

Tazama alichoomba na alichopata. Kwanza, kifuniko cha kidiplomasia. Hiki kilianza na risasi: tarehe 28 Machi 2024 Urusi ilipiga kura ya turufu kuzuia kuongezewa muda kwa jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililokuwa likifuatilia uvunjaji wa vikwazo kwa karibu miaka 15. Nchi 13 ziliunga mkono jopo liendelee, China ikajizuia, Urusi peke yake ikakataa. Jopo likafa tarehe 30 Aprili. Vikwazo bado vimo kwenye karatasi, ila jicho la Umoja wa Mataifa lililokuwa likivitazama limefumbwa. Septemba mwaka huohuo Sergei Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, akasema kwamba kwa Urusi suala la kuipokonya Korea Kaskazini silaha za nyuklia limefungwa. Kwa Kim, ambaye baba yake na yeye mwenyewe wametumia miongo wakitafuta dunia iwakubali hivyo walivyo, sentensi ile ina thamani kuliko dola milioni 240.

Pili, mafuta. Wafuatiliaji walewale wa nchi 11 wanasema Urusi ilipeleka zaidi ya mapipa milioni 1 mwaka 2024, maradufu ya ukomo. Treni ya moja kwa moja kati ya Moscow na Pyongyang ilirudi Juni 2025, ndege zikafuata Julai, na daraja la magari juu ya mto Tumen lilianza kujengwa Aprili 2025.

Tatu ni jambo linalowatia hofu zaidi majirani zake, nami naliona ndilo kubwa. Jeshi la Kim lina watu zaidi ya milioni 1, lakini halikuwa limepigana vita kubwa tangu mapigano yasitishwe tarehe 27 Julai 1953. Maofisa wake walikuwa wanafundisha vita wasivyowahi kuvipigana. Walipofika Kursk mwishoni mwa 2024 walitembea makundi kwa makundi kwenye theluji wazi, na droni za Ukraine zikawaua ovyo. Waliobaki walijifunza haraka: kutawanyika, kujificha, kutumia droni wao wenyewe, kushirikiana na mizinga. Makombora yao yaliyorushwa Ukraine nayo yamepata uwanja wa majaribio ambao hakuna maabara inayoweza kuutoa, kwa sababu yanapigana na mifumo ya ulinzi wa anga iliyotengenezwa Magharibi, kama ile inayolinda Korea Kusini. Urusi imewapa pia angalau mfumo mmoja wa ulinzi wa anga wa Pantsir na vifaa vya kuvuruga mawasiliano. Kuhusu teknolojia ya nyambizi za nyuklia na vichwa vya nyuklia, ambayo ndiyo huzungumzwa sana vijiweni, ushahidi uliowekwa hadharani ni mdogo. Siri za aina hiyo ndizo dola kubwa hutoa mwisho, na mara nyingi hazitoi kabisa.

Nne ni China. Zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya Korea Kaskazini hupita kwa jirani huyo mmoja, na anayekutegemea hivyo huwa hana sauti mbele yako. Hapa Kim amerudia mchezo wa babu yake. Julai 1961 Kim Il Sung alitia sahihi mkataba wa ulinzi na Moscow tarehe 6, na mwingine na Beijing tarehe 11, siku tano tu baadaye. Kwa miaka mingi alivuna pande zote mbili kwa kumtisha kila mmoja kuwa ataegemea kwa mwenzake. Tarehe 3 Septemba 2025, kwenye gwaride la Beijing, mjukuu wake alisimama pamoja na Xi Jinping na Putin. Ni vigumu kuamini kwamba angewekwa nafasi ile kama hangekuwa na Moscow mfukoni.

Hayo ndiyo mapato. Gharama zake usizisahau, na hapa naomba wenzako wasicheke. Kufikia Septemba 2025 Korea Kusini ilikadiria kuwa wameuawa takriban 2,000, katika kikosi cha watu wapatao 15,000. Wawili walikamatwa wakiwa hai Januari 2025. Televisheni ya taifa ya kwao imewasifu waliojilipua kuliko kukubali kukamatwa. Agosti 2025 Kim alionyeshwa akipiga magoti mbele ya picha za waliokufa, akiwakumbatia watoto wao, na familia zikaahidiwa nyumba mpya Pyongyang. Siwezi kusema yaliyomo moyoni mwake. Naweza kusema kwamba hakuna hata mmoja wa wale vijana aliyeketi kwenye meza ambapo bei ya uhai wake ilijadiliwa, na kwamba mama zao hawana gazeti wala mahakama wala kura ya kuuliza nayo. Ndiyo maana biashara hii inawezekana kule. Serikali inayopaswa kujibu wazazi ingeanguka.

Je, faida hizi zitadumu? Historia ya rasi hiyohiyo ya Korea inatia shaka. Kati ya 1964 na 1973 Korea Kusini ilipeleka Vietnam askari wapatao 320,000 kwa awamu, kuisaidia Marekani. Wakati ule ilikuwa nchi maskini, na ilivuna: mwaka 1966 Washington iliahidi kwa maandishi silaha za kisasa, mikopo na zabuni, na kampuni kama Hyundai na Hanjin zikapata kazi zilizozikuza. Wakorea wapatao 5,000 walikufa. Pamoja na hayo yote, mwaka 1971, askari wa Seoul wakiwa bado Vietnam, Rais Nixon aliondoa Korea Kusini kikosi kizima cha askari 20,000 wa Marekani. Deni la damu halikumzuia. Fedha na viwanda vilibaki, shukrani ikaondoka.

Pyongyang nayo ina kovu lake. Septemba 1990 Moscow iliitambua Seoul, ikapewa mkopo mnono, na ule mkataba wa ulinzi wa 1961 ukaachwa ufe. Misaada ilikatika, na miaka michache baadaye ikaja njaa kubwa iliyoua watu kwa malaki. Kim anajua kwamba kabla ya vita hii, mwaka 2021, biashara ya Urusi na Korea Kusini ilizidi dola bilioni 25, wakati ile ya Urusi na nchi yake ilikuwa karibu na sifuri. Vita ikiisha, Moscow itakumbuka fedha za Seoul. Ndiyo sababu ana haraka, na ndiyo sababu anageuza deni lile kuwa vitu visivyoweza kunyang'anywa: maofisa waliopigana vita, makombora yaliyorekebishwa, daraja lililosimama, jopo ambalo kulifufua kutahitaji kura ya Urusi.

Cuba ni mfano mwingine wa kutafakari, kwa kuwa nayo ilitengwa. Ilianza kupeleka askari Angola Novemba 1975, kwa uamuzi wake bila kusubiri Moscow, na kwa miaka 16 walipita huko zaidi ya 300,000. Walifariki zaidi ya 2,000. Mwishoni mwa 1988 yalisainiwa makubaliano yaliyofungua njia ya uhuru wa Namibia, na Cuba ilikuwa mezani kama dola kamili. Ruzuku ya Kisovieti ilipokatika, uchumi wake ulisinyaa kwa takriban theluthi moja; vita ya Angola haikumwekea akiba ya chakula. Kilichobaki ni heshima. Tangu 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hupiga kura kulaani vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba, na kura za Afrika hazijawahi kuwa haba. Tofauti ni kwamba Cuba ilimsaidia aliyevamiwa na jeshi la makaburu, na bara zima liliona hivyo. Askari wa Kim wanamsaidia aliyeanza uvamizi. Heshima ya namna ile hawataipata.

Kuhusu kuigwa: inahitaji mshirika mkubwa mwenye kura ya turufu, mwenye mafuta na teknolojia ya kulipia, anayehitaji watu na asiye na pengine pa kuwapata. Vitu hivyo kukutana pamoja ni nadra. Hapa jirani yetu Eritrea ilijaribu bila kuwa navyo. Ilitengwa kwa muda mrefu, ikapatana na Ethiopia Julai 2018, vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikaondolewa Novemba mwaka huo. Ilipoanza vita ya Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia, Novemba 2020, askari wake waliingia upande wa Addis Ababa. Kama Urusi na Kim, serikali hizo mbili zilikana kwa miezi, mpaka Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia, alipokiri Machi 2021. Eritrea ilipata ilichokitaka zaidi, kumdhoofisha TPLF, chama kilichokuwa kikitawala Tigray na adui wake wa miaka mingi. Lakini Novemba 2021 Marekani ikaliwekea vikwazo jeshi lake, na Abiy hakuwa na uwezo wa kuikinga. Tarehe 2 Novemba 2022, vita ilipomalizwa kwa makubaliano ya Pretoria, waliotia sahihi walikuwa serikali ya Ethiopia na TPLF, Eritrea haikuwemo. Oktoba 2023 Abiy akaanza kusema hadharani kwamba nchi yake lazima ipate njia ya kufika Bahari ya Shamu, na pwani iliyo karibu naye zaidi, Assab ikiwemo, ni ya Eritrea. Leo askari walewale waliopelekwa kumsaidia wanalinda mpaka dhidi yake.